Kandoro juu ya aisii

Neno lililosomeka lilikuwa moja tu: Habari. Yaliyofuata yalikuwa alama zisizo kichwa wala miguu, ilhali nilituma "Habari za mchana mama".

Ilikuwa Desemba 2013, chumbani kwangu Sinza. Mwaka 2011 Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa ameonyesha hadharani taa ya LED ikirusha video kwa mwanga wake, na tangu nilipoiona ile video sikutulia. Mimi nilitaka herufi tu: LED huku, fotodayodi (kijicho kinachohisi mwanga) kule, biti 1,000 kwa sekunde, kila biti ni taa kuwaka au kuzima.

Wiki tatu nilipigana na mwanga. Nililaumu jua la dirishani, nikabandika karatasi nyeusi, nikatafuta lenzi. Asubuhi sentensi ilifika karibu nzima. Ikigonga saa saba mchana, Habari, basi.

Nikabeba vyote hadi Kariakoo kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Inaharibika mwanzo au mwisho?"

"Mwisho. Siku zote mwisho."

"Basi mwanga wako mzima. Saa zako ndizo haziendi pamoja."

Akamwita kijana wa maji ya kandoro, yale baridi ya kwenye mfuko wa plastiki, akanunua fuko moja, akalifuta vizuri na kulilaza juu ya aisii, yaani chipu, ya kipokezi. Tuma, akasema. Nikatuma. Ikaja: "Habari za mch". Nywele zilinisimama.

Kila upande ulihesabu muda kwa saa ya ndani ya chipu yake, na saa za aina hiyo huyumba kwa joto. Zikipishana asilimia moja tu, baada ya biti 50 kipokezi kimeteleza nusu biti, kinasoma biti ya jirani. Kila herufi ni biti nane, kwa hiyo biti 50 ni kama herufi sita. Habari ina herufi sita.

Nikasema ninunue kristali mbili, vipande vya kwatsi vinavyoshika muda kwa usahihi zaidi. Mzee akatikisa kichwa: kristali ni nzuri, lakini nazo hazilingani kabisa, barua ikiwa ndefu ugonjwa utarudi. Akanionyesha saa ya mkononi mwake. "Hii hupoteza dakika kila siku. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, naisawazisha. Wewe unaisawazisha lini?"

Mwanzoni mwa ujumbe, mara moja tu. Hapo ndipo lilipokuwa kosa.

Tulilehemu mpaka jioni. Kipokezi kilitoa mapigo 16 kwa kila biti, yakaingia kwenye kaunta, chipu ya kuhesabu mapigo iitwayo CD4040. Geti la XOR, sakiti inayotambua ishara mbili zikitofautiana, likiwa na rezista na kapasita ndogo, lilitoa mshtuko kila mwanga ulipowaka au kuzima, na mshtuko huo ukairudisha kaunta sifuri. Ikihesabu nane, mguu wa kaunta unaogawa kwa 16 unapanda kutoka sifuri kwenda moja: ni katikati ya biti, soma sasa. Kosa halikupata tena nafasi ya kujilimbikiza. Hata mwanga ukikaa biti saba bila kubadilika, mteleko haufiki sehemu ya kumi ya biti. Programu sikuigusa, isipokuwa kuiambia isubiri mguu ule.

Kesho yake saa nane mchana, jua likiwaka mlangoni kwake, nilituma barua ya herufi 200. Mzee akavaa miwani, akainamia kompyuta yangu, akaisoma kwa sauti, polepole, hadi nukta ya mwisho.

"Rudia," akasema.