Kalafati kwanza, rangi baadaye

Wiki hii pwani ya Jimbiza imejaa vyombo vilivyolazwa ubavu. Kusi, upepo wa kusini, imepungua nguvu, asubuhi bahari inatulia mpaka Kilwa Kisiwani, na kila mwenye chombo hapa Kilwa Masoko ana haraka moja: upepo wa kaskazi ukishika, umkute tayari. Mimi nina boti moja ya mbao ya dagaa, nyavu moja ya ringi na toyo, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mzigo. Dagaa nachemsha na kuanika mwenyewe pamoja na kina mama wenzangu, kwa hiyo nikisema matayarisho nina maana ya kuanzia mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, hadi kamba za kichanja cha kuanikia.

Wageni huniuliza kwa nini wote tunatengeneza siku hizihizi. Sababu ni mwezi. Dagaa anavuliwa gizani: taa inawashwa, anapanda kuifuata, anazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, dagaa hakusanyiki chini ya taa, na mabaharia wanarudi petroli imekwisha bila kitu. Basi usiku wa mbalamwezi chombo kinapumzika. Na Mwenyezi Mungu kapanga, kwa sababu mwezi mpevu unakuja na bamvua, maji makubwa kabisa. Alasiri, mnamo saa kumi, maji yanajaa hadi kwenye mizizi ya minazi, na hapo ndipo watu wanashika magogo na kamba, wanaitikiana, chombo kinapanda.

Tatizo ni kwamba bamvua haimsubiri mtu. Siku chache tu na maji yanaanza kufa, kila kujaa kunaishia chini ya kule kwa jana. Chombo ulichokipandisha juu kabisa hakitaguswa na maji tena mpaka bamvua ya mwezi mwandamo, na ukifika huko nusu ya giza imeshapita, wenzako wameshauza. Ndiyo maana pamba ya kuzibia maungio, misumari, mbao na hela ya fundi lazima viwe mkononi kabla chombo hakijatoka majini. Kupandisha kwanza halafu ndiyo uanze kutafuta mvule ni kujifunga mwenyewe, hasa miezi hii ya korosho ambapo hata vijana wa kusukuma wako mashambani.

Fundi wangu ni mzee kutoka Kivinje. Akifika hasemi mengi. Anapokea shikamoo, anavua kandambili, anaanza kuuzunguka ubavu na kisu kidogo. Ncha anaichoma kwenye ubao, hasa chini karibu na mkuku na pale mataruma, zile mbavu za ndani, yanapokutana na mbao. Ubao mzima unakikataa kisu. Ubao ulioliwa na wadudu wa baharini kwa nje unaonekana salama, lakini ncha inazama, na akiuchimbua unakuta vijia vya mviringo vimepita ndani kwa ndani. Safari hii kaikuta mbao moja ya namna hiyo upande wa kushoto. Kaing'oa yote. Nilimuuliza kama kipande tu kingetosha, akanijibu, "Mwanangu, bahari haijui kipande." Nikanyamaza, nikatoa hela.

Kisha inakuja kalafati yenyewe, kuziba maungio ya mbao kwa pamba. Anachomoa pamba ya zamani kwenye maungio kwa kulabu, nyeusi na yenye harufu ya uozo. Pamba mpya anaisokota mapajani, anailowesha mafuta, anaiingiza kwa patasi na nyundo kidogo kidogo. Nimekaa naye vya kutosha kuijua sauti: mwanzo nyundo inalia hafifu, pamba ikishiba mlio unakaza na patasi inaruka kidogo. Hapo anasogea. Akimaliza upande, makuti makavu yanawashwa, moto unapitishwa haraka chini ya ubavu kukausha unyevu na kuua vidudu vilivyobaki. Watoto wote wa mtaa wanakuja kuangalia. Ndipo inafuata deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, inapakwa kwa mkono.

Nahodha alitaka rangi. Namwelewa, chombo kinachong'aa kinawapa mabaharia moyo, na rangi inalinda mbao za juu. Lakini hela ina foleni yake. Nikamwambia, "Baba, rangi ni baada ya jaketi." Jaketi za kujiokolea tulizokuwa nazo mbili zilikuwa zimechanika, povu linatoka. Nimenunua mpya, kila mtu na yake, na nimesema wazi kwamba asiyeivaa hapandi. Tangu kimbunga Hidaya, Mei 2024, sitaki ubishi kwenye jambo hili. Siku zile tulisikiliza taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, redioni, tukavuta kila kitu juu, na upepo ulipokuja nilimshukuru Mungu kwamba wanaume wote wa chombo changu walikuwa nyumbani na wake zao.

Mashine haina hadithi ndefu. Plagi mpya, impela mpya ili maji ya kupooza yatoke kwa nguvu, na mafuta ya gia. Yakitoka meupe kama maziwa, sili imepitisha maji, usiiwashe tena. Ya kwetu yametoka safi.

Nyavu imenipa kazi zaidi. Panya waliingia stoo wakala upande wa maboya, kwa hiyo tumeitandaza mchangani, vijana wakaipitia yote wakiwa na sindano, wengine wakibadilisha risasi za chini na kukagua pete moja moja. Macho yake ni ya kipimo kinachoruhusiwa kwa dagaa wa baharini. Kuna wanaonishawishi nichukue ndogo zaidi. Sichukui. Vile vidogo vikichemshwa vinavunjika vinakuwa unga, mnunuzi anayepeleka Tunduma havitaki, na mwakani hatutakuwa na cha kuvua.

Toyo nayo imeliwa na chumvi. Mnyororo na beringi za nyuma zimebadilishwa, bodi nimelitoboa matundu chini ili maji ya dagaa yatoke yasikae yakiozesha bati. Dereva nimemkataza kuiingiza majini kufuata boti. Ndoo zibebwe kichwani hadi mchanga mkavu. Na kila jioni inaoshwa kwa maji ya kisima.

Vichanja vimebaki. Kaskazi inaleta bahari nzuri na mvua kwa pamoja, hilo ndilo linalotuumiza sisi wa nchi kavu, maana dagaa aliyechemshwa akinyeshewa siku mbili anapata funza. Kina mama tumechanga, tumenunua turubai kubwa la kuvuta juu wingu likionekana, na miti ya kuinua vichanja kiunoni ili upepo upite chini. Bado nguzo za upande wa barabara na leseni ya mwaka, ambayo naifuata Jumatatu. Boti inashuka keshokutwa alasiri. Mwenye nguvu za kusukuma aje. Chai na mihogo vitakuwepo.