Suez na ndoo ya bibi

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jana alinionyesha daftari lake: Mfereji wa Suez unafupisha safari ya meli kutoka Ulaya kwenda Asia. Sawa, lakini mimi Suez naijua kwa tope.

Nimekulia Shinyanga vijijini, kwenye maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa. Bibi aliyaacha ndooni usiku kucha yatuame, asubuhi akachuja kwa kanga kuukuu. Siku ya kwanza kuliona Ziwa Victoria, basi likiingia Mwanza, nilikasirika. Maji yote haya, na sisi tunagombania lambo na ng'ombe?

Nikamweleza mpwa. Mwaka 1854 Said Pasha, mtawala wa Misri, alimpa Mfaransa, Ferdinand de Lesseps, kibali cha kuchimba mfereji huo. Mwingereza alipinga, hakutaka Mfaransa akae mlangoni mwa njia ya India. Kuanzia 1859 wakulima wa Misri walikokotwa kwa amri, maelfu kwa maelfu, kwenda kuchimba. Jangwani wangekunywa nini? Ukachimbwa mfereji mwingine wa maji baridi kutoka Nile.

Suez ilifunguliwa Novemba 1869. Mwaka 1875 Khedive (mtawala) Ismail wa Misri, madeni yamemfika shingoni, aliiuzia Uingereza hisa zake za mfereji kwa pauni milioni 4. Mpinzani kawa mbia! Mwaka 1882 Mwingereza akaingia Misri na jeshi kabisa. Mwenye kuutaka mfereji huo sharti aishike Misri, na Misri bila Nile ni mchanga.

Hapo ndipo babu zetu walipoingizwa bila kuulizwa. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba kwenye makoloni yake, maziwa yanayolisha Nile kama Victoria yakiwemo, isijengwe kazi ya kupunguza maji yaendayo Misri bila ridhaa ya Misri. (Na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Ethiopia, si kwetu.) Nyerere aliukataa mkataba huo mwaka 1962. Sisemi kiu yetu yote ililetwa na karatasi. Hata fedha hazikuwepo. Ila Misri iliendelea kuishikilia karatasi hiyo.

Hatimaye bomba la maji ya Ziwa Victoria lilitoka Ihelele, Misungwi, likaelekea Shinyanga na Kahama. Lilipofika kwetu bibi alikuwa hai. Akakinga ndoo, akaiacha usiku kucha. Asubuhi akachungulia: chini hakuna kitu. Akachukua kanga yake, akachuja vilevile.