Nilivyoizoea Januari ya kustaafu

Nilistaafu mwezi wa tisa, mwaka juzi. Kwa miaka 19 nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwenye makao ya wazee kule Duluth, kwa hiyo siku ya kuagwa nilijiapiza kwamba sasa nitalala mpaka nichoke. Nililala wiki mbili. Wiki ya tatu usingizi ukanihama. Saa kumi ileile macho makavu, nasikiliza hita ikinguruma, nje giza tupu, na giza la huku mwezi wa kwanza haliondoki mpaka inakaribia saa mbili asubuhi.

Naishi Two Harbors, mji wa watu kama 3,500 kando ya Ziwa Superior, jimbo la Minnesota, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Binti yangu aliponiambia amepata kanyumba karibu na ziwa sikuuliza maswali, maana mtu aliyekulia Nansio ukimtajia ziwa anaona mitumbwi, dagaa walioanikwa mchangani na watoto wanaoga jioni. Hili nalo ni ziwa, tena kubwa kuliko letu: kilomita za mraba 82,000 na ushei, wakati Victoria ina 68,000 na ushei, na kina chake kinafika mita 406. Ila habari ya kuoga usiniulize. Hata mwezi wa saba maji yanauma mifupa.

Kosa langu la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kujifungia ndani. Chai, runinga, simu, chai tena. Wiki ya Krismasi nikatoka kutupa takataka nimevaa soksi na kandambili, kama niko uani Nansio. Hatua ya tatu nilikuwa chali nahesabu nyota, mkono umeteguka. Aliyeniokota ni mzee jirani, wa asili ya Kifini, aliyefanya kazi gatini hapa ujana wake wote. Pole hakunipa. Kesho yake akaja na ndoo ya mchanga wa kumwaga mlangoni na zile njumu za mpira unazovisha juu ya buti, zina meno ya chuma chini. Akanionyesha kutembea kama bata: hatua fupi, vidole vya miguu nje kidogo, mikono isikae mifukoni. Kisha akaniambia saa tisa mchana kuna meli inaingia, niende nikaione.

Nikaenda. Ndivyo nilivyopata daftari.

Ni daftari la shule la kawaida. Naandika jina la meli, saa iliyoingia, saa iliyotoka, na hali ya ziwa. Hakuna anayelihitaji. Lakini tangu hapo siku yangu ina pa kuanzia na pa kuishia, na nikikosa usingizi saa kumi, naamka tu, najua nasubiri nini.

Nichukue tarehe 13 Januari ya mwaka huu. Saa moja asubuhi nampigia mdogo wangu aliyeko Mwanza. Kwake ni saa kumi jioni, anachambua mchele.

"Shikamoo dada. Huko baridi?"

"Marahaba. Kipimo kinasema 24 chini ya sifuri."

"Dada, chini ya sifuri kuna nini tena?"

Sikuwa na jibu. Nikavaa. Nguo ya kwanza mwilini ni ya sufu, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugeukia. Juu yake sweta, kisha koti. Kichwani najifunga kanga kwanza ndipo kofia. Watu wa hapa wanaisifia "skafu" yangu, wala siwasahihishi.

Saa tatu nilikuwa ufukweni. Baridi ikizidi hivyo, ziwa hufuka, kwa kuwa maji yana joto kuliko hewa. Mvuke unasimama juu yake kama sufuria la pilau lililofunuliwa. Ziwa lenyewe halijaganda lote, na miaka mingi huwa haligandi. Pembeni kuna barafu nyembamba kama vioo vya dirisha. Upepo unavisukuma vile vioo, vinapanda kimoja juu ya kingine mpaka vinafanya kichuguu, na mlio wake ni kama mtu anaosha glasi harusini, hana haraka. Nilikaa nikiusikiliza mpaka kope zikaanza kushikana.

Karibu na gati huwa naokota gololi. Ni vidonge vya mawe ya chuma: yanachimbwa milima ya Mesabi, yanasagwa, yanafinyangwa na kuchomwa, kisha treni inayateremsha gatini na meli kuyapeleka kwenye viwanda vya chuma huko maziwa ya chini. Ninavyo bakuli zima dirishani. Wajukuu wakija tunacheza.

Mchana nilipika samaki wa kukaushwa kwa moshi, wa ziwa hilihili, nikamuunga kwa karanga, na ugali wa unga ninaoagiza Minneapolis. Mzee alikuja na mkate wake wa shayiri nyeusi, mgumu kama ubao. Ugali anakula kwa uma. Nimeshakata tamaa naye.

Tulikwenda wote kuiona meli ya mwisho. Milango ya maji ya Sault Ste. Marie, ambayo lazima meli ipite ili itoke Superior, hufungwa tarehe 15 Januari mpaka 25 Machi. Hii ilikuwa ya mita 305, ndefu kuliko mtaa wetu. Mzee akiitazama meli iliyobeba huwa hasemi. Novemba iliyopita alinipeleka kwenye mnara wa taa wa Split Rock, ambako kila tarehe 10 wanawakumbuka mabaharia 29 waliozama na meli ya Edmund Fitzgerald mwaka 1975. Kengele ilipigwa mara 29, ikaongezwa moja kwa wengine wote waliochukuliwa na maziwa. Ile ya thelathini niliichukua mimi, kwa watu wetu wa MV Bukoba, Mei 1996. Sikumwambia.

Saa kumi na nusu ikapiga honi, mmoja mrefu, miwili mifupi. Mzee akainua mkono. Nikavua glavu, nikaandika: *imetoka, imejaa, ziwa linafuka*. Wino uligoma, nikamalizia kwa penseli.

"Sasa utafanya nini mpaka Machi?" akaniuliza njiani. Akasema yeye kesho anakwenda kuvua kwenye ziwa dogo la bara, anatoboa barafu na kukalia ndoo, twende. Nikamuuliza barafu ina unene gani. Sentimita 10 za barafu safi zinambeba mtu, akasema, na ya kule imeshapita 20.

Nikamwambia ikifika 30 anigongee mlango.