Wasomaji Wangu Hawana Hela

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Kitabu changu cha watoto kina kurasa 24 za rangi na ninakiuza shilingi 7,000. Mzazi anakipindua huku na huku, anaona kila ukurasa una mistari mitatu, anaguna: "Mwalimu, elfu saba kwa haya maneno?" Mwanawe pembeni ameshafika ukurasa wa sita, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Ukijichapishia vitabu vya watoto, shida zako nyingi zimo humo: anayekitaka kitabu hana hela, na mwenye hela hakisomi.

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili hapa Morogoro mpaka nikastaafu. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka maboksi ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza mwaka 1991. Uzuri wake ni kwamba mchapishaji alikuwa na uhakika: kitabu kikipita, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mimi ninayechapa kwa kiinua mgongo changu sina uhakika huo. Mswada niliwahi kuupeleka kwa wachapishaji, wakanijibu kwa adabu kwamba kwa sasa wanashughulika na vitabu vya kiada. Ninawaelewa. Kiada ndiko kwenye hela.

Hadithi yenyewe ni ya msichana anayetumwa kusaga mahindi naye anauogopa mngurumo wa mashine. Basi. Hakuna sungura wala fisi. Kuiandika hakukunichosha. Picha ndizo zilizonichosha.

Nilimpata kijana wa Kihonda mwenye mkono mzuri hasa. Rasimu za kwanza alizoniletea zilikuwa na nyumba zenye dohani, na mashine ya kusaga kubwa mithili ya kiwanda cha saruji. Amekulia hapahapa mjini, lakini ukimwambia "kitabu cha watoto" mkono unakimbilia katuni alizoziona kwenye televisheni. Nikamchukua tukaenda mashineni Mafiga, akakaa juu ya gunia asubuhi nzima akichora. Aliporudi alikuwa na msagaji mwenye kope nyeupe za unga, na foleni ya ndoo zinazowashikia wenyewe nafasi wakati wao wamekwenda gengeni. Ile foleni ya ndoo haikuwamo kwenye mswada wangu. Niliiongeza kwa ajili ya picha yake.

Nilimlipa 30,000 kwa kila picha na 80,000 kwa jalada, nusu kabla ya kuanza. Kuna waliosema nimemlipa nyingi mno. Hao hao wakikishika kitabu wanasifu nini? Picha. Tuliandikiana mkataba wa ukurasa mmoja: picha ni za kitabu hiki tu, na siku nikitaka kuzitia kwenye kalenda au fulana tunakaa upya. Fanyeni hivyo hata kama mchoraji ni mtoto wa dada yako. Hasa kama ni mtoto wa dada yako.

Kisha kuna mambo ambayo mtu asiyewahi kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma hawezi kuyaona. Programu ya kupangia kurasa ilikuwa inafuata kanuni za Kiingereza, ikawa inakata maneno mwishoni mwa mstari inavyotaka: mahin-di, un-ga. Mtoto niliyemfundisha ma-hi-ndi na u-nga akifika hapo anasimama, ananitazama. Ng'ombe naye alikatwa, ng' ikabaki juu na ombe ikashuka chini. Nikamwomba msanifu aliyekuwa akipanga kurasa azime kabisa ule ukataji, na kila mstari uishie pale mtu anapovuta pumzi. Tena tukabadilisha herufi, tukachukua zile ambazo a yake inafanana na ile anayoiandika mtoto kwenye daftari. Msanifu alinung'unika kwamba hazina mvuto. Nikamwambia mvuto atauonea kwenye kadi za harusi.

Kuhusu uchapaji, mengi mtayasikia kwa wachapaji wenyewe, ila haya yashikeni. Kitabu cha kubanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa hiyo hadithi ya kurasa 26 ama inapungua au inaongezeka. Rangi za kwenye kompyuta si rangi za kwenye karatasi. Watoto wangu weusi wa kupendeza walitoka kwenye prufu ya kwanza, yaani nakala ya majaribio, wakiwa na rangi ya majivu, kama wametoka kuugua. Dai prufu, na idaiwe kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Hesabu sasa. Kwenye ofseti, ile mitambo ya kuchapa nakala nyingi, kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuichapia: siani, majenta, njano na nyeusi. Gharama ya pleti ni ileile, uchape 300 au 3,000. Ndiyo maana niliambiwa nakala 1,000 zitanigharimu 2,900 kila moja, wakati nakala 200 za dijitali, zinazochapwa bila pleti, ni 5,200 kila moja. Ukitazama haraka unaona ujinga kuchapa 200. Lakini milioni mbili na laki tisa ni hela ya kuezeka nyumba, na vitabu 1,000 vinalala wapi? Mchwa wa Morogoro hawaulizi kitabu ni cha nani. Nikachapa 200.

Hapo ndipo duka la vitabu linapokuwa kitendawili. Maduka niliyozungumza nayo yalitaka punguzo la asilimia 35. Toa 2,450 kwenye 7,000, mkononi kwangu inabaki 4,550. Kitabu kimenigharimu 5,200. Yaani kila nakala inayouzwa dukani naichangia 650, na bado hapo ni mali kauli, nalipwa kikishauzwa. Duka moja lilichukua nakala kadhaa kwa maneno ya "pita mwisho wa mwezi, mama." Nilipita. Vitabu vilikuwa chini ya rundo la madaftari na bahasha za kaki, na muuzaji akaniambia kwa masikitiko ya kweli kabisa kwamba haviulizwi.

Shuleni nako kuna utaratibu. Kitabu kikitaka kuingia rasmi kinahitaji ithibati, yaani idhini ya kutumika shuleni, na maombi yanapitia Taasisi ya Elimu Tanzania. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, na hiyo haikunipa taabu. Mwenzangu wa Mombasa naye ana mzigo wake: Kenya vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 tangu sheria ya mwaka 2013, kwa hiyo tukipigiana simu tunapokezana kulalamika.

Kinachouza kitabu changu ni kukisoma kwa sauti. Nakwenda kwenye mahafali ya chekechea, au Jumamosi uani kwa mtu mwenye watoto wengi, nasoma nikiiga mngurumo wa mashine mpaka koo linakauka. Watoto wananguruma nami. Baada ya hapo wazazi hawaulizi tena idadi ya maneno. Wanauliza kama napokea kwa simu. Mmoja tu aliuliza kama kinatoka kwenye mtihani.

Na mwenye mashine kule Mafiga alinunua nakala, akaitoboa pembeni, akaifunga kwa kamba kwenye nguzo. Watoto wanaosubiri unga wanaisoma kwa zamu. Jalada limeshageuka jeupe, na ukurasa wa 12 haupo. Anataka nyingine, na anataka punguzo.

Juzi hapohapo mvulana wa darasa la pili aliniita. "Shikamoo, bibi. Ukurasa wa tisa ndoo ni ya bluu. Wa kumi ni nyekundu." Nikamwambia ndoo ni mbili. Akarudi nyuma, akatazama tena, taratibu, halafu akauliza: "Sasa ile ya bluu kamwachia nani?"

Nimempigia mchoraji. Toleo la pili ndoo itakuwa ya bluu mwanzo hadi mwisho. Nakala chache zenye ndoo mbili bado ninazo, bei ni ileile. Morogoro mjini nakuletea mwenyewe. Mikoani natuma kwa basi kutoka Msamvu, nauli ya mzigo juu yako.