Mihuri miwili, ukurasa mmoja

Ndo tumevuka Namanga sasa hivi na mama, naandika nikiwa kwenye basi.

Mama kazaliwa Kajiado, Kenya, akaolewa Longido, Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, mpaka 1983 ndo ukafunguliwa. Hapo katikati babu akafariki na mama hakwenda kuzika.

Leo tumeingia jengo moja tu, upande wa Kenya. Afisa wa Tanzania kagonga muhuri wa kutoka, mama akaniuliza "sasa twende wapi mwanangu?" nikamwambia hatuendi popote mama, ni dirisha la hapo tu. Afisa wa Kenya kagonga wa kuingia, akaona kazaliwa wapi, akamwambia "karibu nyumbani mama".

Mama kaifungua pasi tena, mihuri yote miwili iko ukurasa mmoja, wa pili wino haujakauka, kapitisha kidole juu yake taratibuuu. Hajasema kitu mpaka saa hizi, tunaikaribia Bissil.

Jumuiya ilifufuka, sasa ina nchi 8 jamani.

Nani mwingine wazazi wake walitenganishwa na ndugu zao miaka ile? Nisimulieni hapa, nataka nimsomee mama.