"Cupboard" imenikata pauni 85

Juzi wakala wa nyumba niliyohama hapa Uingereza kanitumia hesabu ya amana yangu. Wamekata pauni 85, sababu: "cupboards not cleared", yaani makabati hayakuondolewa vitu. Damu ilinichemka. Makabati niliyasugua kwa mikono yangu, la vyombo, la nguo, mpaka kwenye bawaba.

Nikaenda kumwonyesha barua jirani yangu, bibi mjane. Akaniuliza, "Na airing cupboard je?" Akanipandisha ghorofani kwake, akafungua mlango ambao mimi ningeuita stoo. Ndani kuna tangi la shaba la maji ya moto, limevikwa koti jekundu. Juu yake rafu za fito zilizoachana ili joto lipite, na mashuka yamekunjwa. Akanipa taulo nilishike. Lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Kumbe! Kwetu sisi kabati ni samani, siku ya kuhama linabebwa. Hawa wenzetu, hata uwazi chini ya ngazi unaokaa mita ya umeme, ukishatiwa mlango tu, ni cupboard. Na neno lenyewe ni mawili, kikombe na ubao. Enzi za kati ilikuwa meza ya kupangia vikombe, haina hata mlango. Milango ilikuja baadaye, vikombe vikabaki kwenye jina, na P imemezwa, huisikii mtu akilitamka. Bibi akaniongezea "cupboard love": mapenzi ya paka anayekuzunguka miguuni kwa sababu umeshika chakula chake.

Sasa kule kwangu mlango huo niliufungua siku ya kwanza, nikaona tangi, nikajua ni mambo ya mwenye nyumba. Makopo ya rangi yaliyokuwemo niliyakuta. Ndiyo wananilipisha hayo!

Mnaojiandaa kuja, msisaini orodha ya vitu vya nyumba kwa kusoma tu. Zunguka nayo, fungua kila mlango, uliza unaitwaje, piga picha. Kwa England, mwenye nyumba anatakiwa aisajili amana yako kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30, na huo mfuko unasuluhisha ugomvi bure. Wengi wetu hatuutumii, tunanung'unika tu kwenye simu.

Mimi nimepeleka pingamizi leo asubuhi. Nimeambatanisha picha ya siku niliyoingia: mlango uko nusu wazi, na makopo matatu ya rangi yanaonekana chini ya tangi.