Daftari la likizo ya kiangazi: liandike kwa ajili ya Mei

Mwanafunzi wa Marekani anayejiandikisha AP Literature, kozi ya fasihi ya kiwango cha chuo inayosomwa sekondari na kumalizika kwa mtihani wa kitaifa, mara nyingi hukabidhiwa kazi kabla shule hazijafungwa: riwaya moja mpaka tatu, daftari la maelezo, na taarifa kwamba wiki ya kwanza ya masomo kutakuwa na insha ya darasani. Wengi huliandaa daftari kwa ajili ya wiki hiyo tu, na hapo ndipo wanapopoteza. Mtihani wenyewe hufanywa Mei. Una insha tatu zinazoandikwa kwa dakika 120, na ya tatu inamtaka mwanafunzi ajadili kazi nzima aliyoichagua mwenyewe, bila kitabu mkononi. Kitabu ulichokisoma Julai kwa utulivu ndicho kinachofaa zaidi kuwa hicho. Basi andika kama unayemwandikia mtu aliyekwisha kusahau nusu ya hadithi, kwa sababu Mei mtu huyo utakuwa wewe.

Tuchukue mfano mmoja, Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), riwaya inayojulikana sana madarasani.

Kwanza pata toleo lile lile alilotaja mwalimu, linganisha ISBN, yaani namba ya utambulisho wa toleo. Kurasa zikitofautiana, darasa zima litakuwa ukurasa mmoja na wewe uko kwingine. Kwa vitabu vilivyotafsiriwa tatizo ni kubwa zaidi: Crime and Punishment ya Dostoevsky inayopatikana bure mtandaoni mara nyingi ni tafsiri ya Constance Garnett ya 1914, na maneno yake si yale ya tafsiri mpya. Ukiazima maktaba ya umma, au kwa Libby, programu ya simu ya kuazimia vitabu vya maktaba, weka oda mapema. Mwezi Agosti foleni huwa ndefu, na nakala ya Libby hujirudisha yenyewe muda ukiisha, hata kama umebakiza sura tatu.

Things Fall Apart ina sura 25, nyingi fupi. Sura mbili kwa siku zinakimaliza kitabu chini ya wiki mbili, ukianza katikati ya Julai. Anayemaliza mwanzoni mwa Juni hufika darasani amesahau, na anayeanza wiki ya mwisho ya likizo husoma akitafuta cha kunakili. Mara ya kwanza soma mfululizo, ukiweka alama ya penseli pembeni tu, au vikaratasi vya gundi kama kitabu ni cha kuazima. Daftari lifunguliwe katika mzunguko wa pili, kwenye zile sehemu ulizozitia alama. Kazi haiongezeki sana: mzunguko wa pili husomi kitabu kizima.

Daftari la kawaida lina safu mbili. Kushoto unanakili maneno ya mwandishi na namba ya ukurasa, kulia unaeleza. Kama mwalimu hakutaja idadi, maelezo 20 mpaka 25 kwa riwaya ya ukubwa huu yanatosha, mradi yasambae kitabu kizima. Mwalimu hupitisha jicho kwenye namba za kurasa kabla hajasoma neno lolote, na zikikomea theluthi ya kwanza ameshajua ulipoishia.

Safu ya kulia ndiyo inayoharibika. Angalia sura ya 7, Ikemefuna, kijana anayelelewa nyumbani kwa mhusika mkuu Okonkwo, anapopelekwa msituni kuuawa. Kulia wengi huandika: "Okonkwo anamuua kwa sababu anaogopa kuonekana dhaifu." Hilo msimulizi amekwisha kulisema mwenyewe; umemrudia tu. Rudi nyuma aya chache. Tumo ndani ya mawazo ya kijana. Anamkumbuka mama yake, anaimba moyoni wimbo wa utotoni na kuufuata kwa hatua zake: ukiishia mguu wa kulia mama yu hai, ukiishia wa kushoto amekufa; hapana, si amekufa, ni mgonjwa. Unaishia kulia. Halafu mtu mmoja nyuma yake anakohoa kusafisha koo, hofu inamshika Ikemefuna, na kuanzia panga linapoinuliwa hatuingii tena moyoni mwake. Tunabaki na Okonkwo: anageuza uso, anasikia pigo, chungu kinavunjika mchangani, na mtoto anamkimbilia huku akimwita baba. Sasa una la kuandika: mwandishi ametuweka ndani ya tumaini na hofu ya mtoto mpaka dakika ya mwisho, kisha akatutoa ghafla. Ongeza kwamba mzee Ezeudu alikwisha kumwonya Okonkwo asishiriki, kwa kuwa kijana anamwita baba, na maelezo yako yameunganisha sehemu mbili za sura. Katika alama 6 za kila insha, 4 ni za ushahidi na ufafanuzi wake. Kusimulia hadithi upya hakukufikishi mbali.

Maelezo yaliyotolewa na akili unde au kwenye muhtasari wa mtandaoni hushindwa papo hapo kwenye insha ya darasani, kwa sababu kikohozi kile cha msituni huwa hakimo.

Nyumbani kunakozungumzwa Kiswahili kuna faida moja inayosahaulika. Riwaya hii ina tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo (1973), na Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Mzazi asome ya Kiswahili, mtoto ya Kiingereza, wabishane mezani. Ila safu ya kushoto inakiliwe kutoka kwenye kitabu alichopanga mwalimu.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja wa Mei: majina yaliyoandikwa sawasawa (Nwoye, Ezinma, Obierika), matukio sita au saba kwa mpangilio, na sentensi mbili kuhusu jinsi mwisho unavyobadilisha mwanzo. Piga picha za daftari zima kabla ya kulikabidhi, maana baadhi ya walimu hukusanya Agosti na kurudisha wanapopata nafasi.